Filipo Alipanda Garini, Akaketi



Kabla hujaendelea, fungua Matendo ya Mitume sura ya 8, usome kuanzia mstari wa 26 mpaka wa 40. Usiruke. Somo la leo lote limekaa humo, na mimi nakungoja hapa.

Umerudi? Haya.

Wengi tukilisoma somo hili tunakimbilia mwisho, pale penye maji. Leo naomba tukae katikati. Luka anatuonyesha mtu mwenye cheo, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Kushi, nchi iliyokuwa kando ya mto Nili kwenye Sudan ya leo, huko huko alikokuja kuzaliwa Mtakatifu Yosefina Bakhita. Mtu huyu ana gari. Ana gombo la nabii Isaya, na enzi zile gombo lilikuwa mali, si kitu cha kila nyumba. Kusoma anajua, tena anasoma kwa sauti mpaka mpita njia anamsikia. Yaani kila kitu anacho, ila haelewi. Filipo anamwuliza kama anayaelewa anayoyasoma, naye anajibu kwa kuuliza: atawezaje, ikiwa hakuna wa kumwongoza?

Swali hilo mimi nililiuliza mwaka 2019, kwenye duka la steshenari pale Darajani, nikiwa na simu ya kuazima mkononi.

Nimezaliwa hapa Unguja, nimekulia Tomondo, lakini wazazi wangu ni watu wa bara. Baba alikuja kufanya kazi za ujenzi, mama anapika hotelini. Sisi Wakatoliki wa kisiwa hiki ni wachache, mnajua wenyewe, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukanyaga chuo. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka Julai nikaonekana nina prinsipo tatu. Nyumbani tukapika pilau. Mama alidhani kazi imekwisha, na mimi nikadhani hivyo hivyo.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Tangu mwaka 2017 mwombaji anaomba mwenyewe moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, si tena kupitia mfumo mmoja wa TCU kama kaka zetu. Nikaomba vyuo vitatu. Kila kimoja kilitaka namba ya simu, na laini yangu ilikuwa imefungwa, basi nikaandika namba ya binamu yangu. Agosti vyuo viwili vikanichagua. Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja unatakiwa uthibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu uliyoombea. Ujumbe ukafika kwa binamu, na binamu alikuwa dagoni na wavuvi wenzake. Alipouona akadhani ni matangazo ya kampuni ya simu, akaufuta. Mimi nikaenda chuoni na begi langu, na godoro mama alilonunua kwa mkopo wa kikundi. Jina halipo.

Nalirudia hili kwa sababu watu huwa hawaniamini: sikufeli mtihani. Niliangushwa na ujumbe wa simu.

Mwaka mzima nikafua mashuka kwenye nyumba ya wageni Shangani, si mbali na kanisa letu kuu la Mtakatifu Yosefu, lile ambalo mji mzima unaliita Minara Miwili. Siku nyingine baada ya kazi nilikuwa naingia kukaa tu, sisali. Nilikuwa na hasira. Na kilichoniudhi zaidi ni maneno mazuri ya watu. Kila niliyekutana naye aliniambia Mungu ana mpango. Sawa, ana mpango, lakini hakuna aliyeniuliza ilikuwaje.

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Simtaji, hapendi. Siku hiyo tumemaliza sala, watu wanavaa viatu, akanishika mkono: "Mwanangu, hasa hasa ilikuwaje?" Nikamweleza nikilia. Hakunihubiria. Alimwita kijana wake aliyekuwa mwaka wa pili wa chuo, akamwambia, "Kaa na dada yako mpaka aelewe." Tukakaa siku mbili juu ya mkeka, simu moja, daftari moja, na chai. Mwaka 2020 nikaingia chuo.

Sasa rudi kwenye somo uangalie vitenzi. Filipo alikimbia. Akasikia. Akauliza. Akaombwa apande. Akapanda, akaketi. Maelezo yake yanakuja baada ya hayo yote. Angeweza kusimama kando ya barabara ya Gaza na kumpigia kelele yule mtu: jitahidi ndugu, ukiamini unaweza! Gari lingepita.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kikundi chetu cha Jumamosi. Mwanzoni tulikuwa watatu tuliomaliza vyuo, pamoja na wanafunzi watano wa TYCS. Baadaye wakaja rafiki zao wa skuli, Waislamu, maana darasani wanakaa dawati moja, na shida ya kuomba chuo haiangalii unasali wapi. Wa mjini hawakuwa wagumu. Kazi ilikuwa shamba.

Mara ya kwanza tulikwenda kijiji kimoja cha pwani ya kusini-mashariki. Tulitangaza Jumamosi saa nne asubuhi, na hakuja mtu. Tukarudi tukinung'unika kwamba watu wa shamba hawapendi elimu. Aibu yetu! Ilikuwa bamvua. Maji yametoka mbali, kina mama wote na mabinti zao wako baharini kwenye mashamba ya mwani, na kazi ya mwani inafuata maji, si saa ya mgeni. Tangu siku hiyo ratiba yetu tunaipanga kwa kuuliza kwanza maji yako wapi. Mwezi wa Ramadhani nao tunakutana alasiri, vipindi vifupi, na chupa zetu za maji zinabaki ndani ya mkoba.

Mara ya pili tulipokelewa na mzee mmoja, ameketi barazani kwake na tasbihi mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Nyinyi ndio wa Minara Miwili?"

"Ndiyo, babu."

"Mnafundisha nini?"

"Hesabu, na namna ya kuomba chuo."

"Na baada ya hesabu?"

Nilibabaika. Nikasema, "Baada ya hesabu tunapanda daladala tunarudi mjini."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi fundishieni hapa barazani kwangu. Na mimi nikae nisikie." Akakaa kweli. Jumamosi nne mfululizo mzee wa watu alisikiliza logarithimu.

Wenzangu wawili walikasirika na swali lake. Mimi sikukasirika, kwa sababu nafahamu kidogo historia ya kisiwa hiki. Kutayarisha vijana kwa masomo ya juu hapa Unguja si jambo la jana. Mapadre wa Kifaransa walifika Desemba 1860 kutoka Réunion wakafungua hospitali na karakana za kufundishia ufundi, kabla Wamisionari wa Roho Mtakatifu hawajaichukua kazi hiyo mwaka 1863. Ndugu zetu Waanglikana wa UMCA walikuwa na skuli ya wavulana Kiungani na ya wasichana Mbweni, na wanafunzi wake wengi wa mwanzo walikuwa watoto waliokolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alipelekwa kusoma Canterbury huko Uingereza, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Ukitaka uthibitisho kwamba mtoto asiye na mtu akishikwa mkono anafika mbali, ni huyo. Lakini watoto wale hawakuwa na baba wa kuulizwa kama anakubali. Kusoma na kubatizwa kulikuja kwenye mfuko mmoja. Magofu ya skuli ya Mbweni bado yapo, watalii wanayapiga picha. Na kumbukumbu nayo ipo, haihitaji picha. Yule babu aliuliza swali ambalo mji huu umelibeba zaidi ya miaka 150. Alikuwa na haki ya kujibiwa.

Najua kuna atakayeniuliza: mbona hadithi ya Filipo inaishia majini? Ni kweli, na siionei haya. Lakini tazama, Filipo alianzia kwenye andiko ambalo mtu yule alikuwa analisoma mwenyewe, na aliyeomba maji ni yeye, si Filipo. Andiko alilonalo mkononi mwanafunzi wa kidato cha sita ni karatasi ya matokeo na mwongozo wa TCU. Tuanzie hapo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulituomba sisi na Waislamu tujitahidi kuelewana na kufanya pamoja yaliyo mema kwa watu wote. Barazani pale nimeshaulizwa kuhusu imani yangu, tena maswali magumu, nikajibu bila kuficha, chai ikaendelea. Ila mtoto aliyekuja kutafuta pointi zake asitozwe kitu kingine mlangoni. Hapo mimi sina mjadala.

Tuje sasa kwenye pointi zenyewe, maana roho bila daftari haimfikishi mtu chuoni.

Wengi mnasoma divisheni, mnaona tatu, mnalia. Chuo kikuu hakianzii hapo. Kiwango cha chini cha TCU kuingia shahada kwa aliyetoka kidato cha sita ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayohusika na fani hiyo. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D na D zinafika. C na E zinafika. E na E hazifiki. Fani nyingi zinadai zaidi ya hapo, kwa hiyo soma sharti la fani yenyewe, neno kwa neno, usisikilize ya mtaani. Na kama hazikufika, barabara haijakatika: yupo anayeanza na cheti kwa D zake nne za kidato cha nne, akapanda stashahada, na akipata GPA ya 3.0 anaomba shahada kama wengine. Inachukua miaka zaidi. Ninao rafiki wawili waliopita huko, mmoja alianzia Taasisi ya Karume pale Mbweni, na siku hizi yeye ndiye anatufundishia hesabu.

Kwa mlio kidato cha nne: msichague tahasusi kwa sababu rafiki yako amechagua. Kijana mmoja alikimbilia PCM kwa sababu jina linasikika vizuri, na hesabu alikuwa na C ya kubahatisha. Miaka miwili ya mateso. Anayetaka ualimu wa Kiswahili atafute nini kwenye fizikia?

Halafu majina. Hapa Wakatoliki tuna ugonjwa wetu. Cheti cha ubatizo kinasema Yosefu, cheti cha kuzaliwa kinasema Josef, cheti cha kidato cha nne kinasema Joseph, na jina la ukoo hapa limekuwa la babu, pale la baba. Kwa padre wewe ni mmoja. Kwa mfumo wa mikopo nyinyi ni watu watatu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, kwa aliyezaliwa bara na RITA, kwa aliyezaliwa hapa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Wazanzibari tunayo pia Bodi yetu ya Mikopo ya Elimu ya Juu, nayo inataka vyeti vinavyosema kitu kimoja. Marekebisho au kiapo cha majina kinahitaji wiki, pengine miezi. Fanya ukiwa kidato cha tatu, wakati hakuna anayekukimbiza.

Msidhani karatasi ni jambo dogo. Ng'ambo ya mpaka, pwani ya Kenya, Wamakonde waliishi vizazi bila vitambulisho, mpaka mwaka 2016 walipotoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai kutambuliwa. Wapemba wa huko, ndugu wa hawa hawa wa kwetu, walingoja mpaka mwaka 2023. Mtoto asiye na karatasi anaweza kuwa wa kwanza darasani na bado lango likamfungia.

Na simu, jamani. Omba kwa laini yako, iliyosajiliwa kwa jina lako, na usiitupe mpaka uwe umekaa darasani. Neno la siri liandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Kijana wa steshenari anakusaidia kuchapa, lakini akaunti ni yako, usimwachie. Ada ya maombi kwa vyuo vingi ni shilingi 10,000 kwa chuo kimoja, basi vitatu ni 30,000 na nauli juu yake. Kwa mama wa mwani hizo si hela ndogo. Waliokwisha kuajiriwa, mnajua ninachotaka kusema.

Sasa niwaeleze kwa nini naandika wiki hii.

Katika baraza la yule babu kuna binti, mjukuu wa ndugu yake. Amesoma CBG. Mama yake analima mwani, na kwa miaka sasa ule aina ya kotoni, wenye bei nzuri, unamfia: maji yanapata joto, mwani unageuka mweupe, unakatika na kupotea. Kina mama wamebaki na spinosamu yenye bei ndogo. Binti huyu tangu kidato cha pili anauliza swali moja, kwa nini mwani wa mama unakufa, na hakuna aliyemjibu mpaka aridhike. Matokeo yalipotoka alikuwa na D ya Biolojia, D ya Jiografia, na S ya Kemia. Divisheni tatu. Kijijini wakasema kafeli, na akatafutiwa kazi ya kutandika vitanda kwenye hoteli ya jirani. Siidharau kazi hiyo, mimi mwenyewe nimefua mashuka. Lakini yeye hakuichagua.

Tulikaa naye barazani na mwongozo. Mbili na mbili. Babu akauliza, "Nne? Inatosha?" Nikamwambia inatosha kuomba, babu, kwa baadhi ya fani, siyo zote. Tukatafuta zile zinazompokea, tukapata tatu, moja ina mambo ya bahari ndani yake. Ameomba kwa laini yake mwenyewe. Hilo nilisimamia kwa macho yangu!

Kilichobaki ni mkopo, maana bila mkopo hata akichaguliwa haendi. Na hapo tumegonga mwamba: jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa maneno mawili, kwenye cheti cha skuli limeunganishwa neno moja. Nafasi moja tu kati ya herufi na herufi. Mimi ndiye niliyepaswa kuliona jambo hili miezi sita iliyopita, nilipopitia karatasi za kila mmoja. Nilizipitia usiku, nimechoka, sikuliona. Dirisha la maombi ya mkopo halinisubiri mimi, na wala halimsubiri yeye. Naomba mnisaidie kusali, na mniombee na mimi, kwa sababu wiki hii usingizi sina.

Kwa vikundi vitakavyokutana Jumapili baada ya Misa, maswali yangu ni haya. Nani alipanda kwenye gari lako akaketi, na umewahi kumshukuru? Katika mtaa wako, nani anasoma peke yake bila kuelewa, na wewe umempita mara ngapi? Je, yupo jirani asiyeweza kuja kwenu kwa sababu mahali mnapokutana panamtia hofu mzazi wake, na mnaweza kuhamia baraza gani? Swali hili la mwisho mlijadili kwa dakika nyingi kuliko mengine. Na kila mmoja aje na vyeti vyake vyote, avipange juu ya meza, jirani yake amsomee majina herufi kwa herufi. Ndiyo, ndani ya kipindi cha sala.

Jumatatu binti anakuja mjini na mama yake. Wanatoka kijijini na daladala ya alfajiri, nitawapokea Darajani twende pamoja kwenye ofisi ya usajili. Babu ametuma salamu kwamba naye anakuja, akae asikie.

Ee Yesu, uliyemtuma Filipo kwenye barabara ya jangwani, twende nawe Jumatatu. Mama Maria utuombee. Mtakatifu Yosefina Bakhita utuombee.